Kinywa cha Joyeuse

Joyeuse alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu aache ziwa la mama hakuna aliyewahi kumwona akila maharagwe. Samaki hakula, sombe ya majani ya muhogo hakula, ndizi akizinusa tu machozi yalimlengalenga. Alikula bukari, yaani ugali, tena si bukari yoyote iliyotua mezani. Iwe ya unga mweupe wa mahindi matupu, uliochekechwa mpaka usibaki na pumba. Isongwe na mama yake, iwekwe kwenye sahani yake peke yake bila tone la mchuzi, na chumvi pembeni. Asubuhi mkate mkavu, basi. Kule kambini kwa wafanyakazi wa mgodi, enzi unga wa posho ulipokuwa ukiletwa mpaka mlangoni, watu walicheka wakasema mtoto wa Mukendi ana tumbo la askofu, na mambo yakaishia hapo.

Sasa hapakuwa na posho wala mlango. Vijana wa chama kilichotawala jimbo walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakipiga makopo na kuimba kwamba bilulu warudi kwao. Bilulu ni wadudu, na ndilo jina walilopewa Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, mwaka ule na majirani waliokuwa wakiazimana nao chumvi juzi tu. Mukendi, aliyekuwa akiendesha lori kubwa kwenye machimbo yaitwayo Mashamba, alinyang'anywa ufunguo mbele ya vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Mtu aliyekuja kuichukua nyumba yao hakuwa na matusi. Aliomba tu, kwa adabu zote, waache na mapazia.

Basi wakaishia kwenye uwanja wa stesheni ya Kolwezi, wao chini ya turubai moja kati ya umati usiohesabika, wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Neno hilo "kwao" lilimchekesha Ndaya, mke wa Mukendi, kicheko kisicho na furaha. Yeye alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi. Kasai aliijua kwa masimulizi ya mama mkwe wake, Kaku Ernestine, ambaye naye aliiacha akiwa msichana. Lakini lililomnyima Ndaya raha halikuwa treni. Alikuwa na mfuko mmoja wa unga mweupe aliouokoa nyumbani, na mfuko ule ulikuwa umelegea kama soksi.

"Mama Joyeuse," aliita mwanamke wa turubai la jirani, akimtazama akichekecha, "ile bunga yote ni ya mutoto mumoja?"

"Ni yake."

"Na bengine banakula nini?"

"Tunakula kila kitu. Ni yeye tu njo hawezi."

"Hawezi, ao hataki?"

Ndaya aliendelea kuchekecha. Swali hilo alikuwa ameulizwa na masista, na walimu, na dada zake. Angewaelezaje? Alikuwa amemwona mwanawe akijaribu. Alikuwa amemwona akijifungia na kipande cha samaki mkononi, akijihimiza, jasho linamtoka, na kipande kikifika mdomoni koo linajifunga lenyewe. Mtoto mwenyewe alilia baadaye akisema anaona aibu. Mwenye maringo haoni aibu namna ile.

Mfuko ulipokwisha, ndipo malori ya msaada yakafika. Watu walipiga vigelegele, wakapanga foleni, na Mukendi akarudi na gunia begani akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya ufunguo. Ndaya alilifungua, akaingiza mkono, akautoa. Unga ulikuwa wa manjano.

"Ni mahindi tu," alisema Mukendi upesi, kabla hajaulizwa. "Mahindi ya mbali, lakini mahindi."

Ndaya aliusonga vizuri kadiri alivyoweza. Joyeuse alikaa mbele ya sahani yake, akaitazama, akaweka mikono chini ya mapaja.

"Kula, mama," Mukendi alimwambia binti yake kwa upole.

"Tata, inanuka."

"Hainuke kitu. Tazama, mi nakula. Tazama Kaku."

"Siwezi, tata."

Majirani walikuwa wamesogea ili wasikie vizuri. Mwanaume aliyepokonywa kazi, nyumba na mapazia hawezi kuvumilia pia kuonekana akishindwa na binti yake mbele za watu, na Mukendi, ambaye hakuwahi kumpiga mtoto huyo hata kofi, alimshika taya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasukuma tonge ndani. Joyeuse hakupigana naye. Alikodoa macho, kisha akatapika kwenye blanketi la turubai la jirani, blanketi pekee walilokuwa nalo watu wale.

Ndaya aliinama akaanza kulifuta kwa nguo yake mwenyewe huku akiomba radhi, na mwenye blanketi, yule mwanamke aliyemwuliza juu ya unga, akamwachia afute, asiseme hata "acha tu". Mukendi aliondoka akaenda kusimama kwenye reli. Alikuwa amejichukia, na Ndaya alilijua hilo kwa jinsi mgongo wake ulivyokaa, ila hakuwa na nafasi ya kumhurumia. Alikuwa anamhesabia mwanawe mbavu.

Aliyewaokoa alikuwa Bilkisi. Huyu alikuwa Mwislamu, watu wake asili yao mashariki, mumewe Swedi akiendesha gari la mizigo kati ya Lubudi na Kolwezi. Bilkisi alikuwa na duka dogo nyuma ya kambi ya mgodi, na kwa miaka mingi Ndaya alinunua kwake. Alikuja mchana kweupe, amejifunga kanga mbili, na alipokaa chini na kufungua ile ya ndani, ukatoka mfuko wa unga mweupe pe.

"Dada Bilkisi!" Ndaya alimkumbatia akashindwa kumwachia.

"Niachie, nitakufa kwa joto. Pikia mutoto."

Joyeuse alikula siku hiyo. Alikula taratibu kama kawaida yake, vidonge vidogo vidogo, akivitazama kila kimoja kabla ya kukitia mdomoni, na rangi ikamrudia usoni. Ndaya alilia waziwazi. Bilkisi alimwambia kwamba ndugu yake mmoja alikuwa hivyo hivyo utotoni, akiishi kwa wali na chai, na kwamba mama yao hakufanya lolote zaidi ya kumpikia wali na chai. Siku moja akiwa kijana ameshaota ndevu, aliomba kipande cha nyama mwenyewe.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu. Lakini siye hakuna mutu alitufukuza ku nyumba."

Bilkisi alikuja tena mara nyingine, na mara nyingine. Halafu akaja bila kitu chochote, uso umevimba upande mmoja. Vijana wa chama waliolinda geti la uwanja walikuwa wamemfungua ile kanga ya ndani, wakaumwaga unga kwenye mavumbi na kuukanyaga, wakimwambia kama anawapenda sana bilulu apande nao treni. Swedi alikuwa amemkataza. "Mi sitarudia, Ndaya," alisema, akitazama pembeni. "Unisamehe. Mi pia niko na batoto." Ndaya alimwambia hana cha kumsamehe, na ilikuwa kweli. Akamsindikiza kwa macho mpaka getini.

Wiki ile kitoto kichanga kilifariki uwanjani. Kuhara kulikuwa kumewaandama watoto wote, maji ya kunywa yalikuwa ya kutilia shaka, na kila mwenye akili alijua kilichokiua. Lakini watu waliofukuzwa kwao na wasio na wa kumlaumu anayefikika, hutafuta wa karibu. Kina mama walianza kuvuta watoto wao Joyeuse akipita kwenda bombani. Minong'ono ikawa maneno. Mtoto mkubwa hivi halii njaa, hali chakula cha watu, na bado anatembea. Basi anakula wapi? Na anakula nini, watu wakilala?

Tshibangu alikuja mwenyewe kulisema. Huyu alikuwa msimamizi wa zamu huko mgodini na mwalimu wa dini parokiani, na sasa ndiye mkuu wa kundi lao. Ndiye aliyekuwa akipanga nani apande behewa lipi. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia.

"Tata Mukendi, mi siamini bitu ya bulozi. Lakini batu banaogopa. Banasema habatapanda mu behewa moja na ule mutoto."

"Ana ugonjwa tu," alisema Ndaya.

"Ugonjwa gani, mama? Uko na jina?"

Tshibangu alisubiri kidogo, labda kwa kweli alitamani apatiwe jina hilo akawatulize watu nalo. Halafu akavaa kofia yake. "Akule kama bengine, bamuone. Njo dawa peke yake," alisema akaenda zake.

Kaku Ernestine alisubiri mwanawe aondoke, kisha akajisogeza karibu na mbabula, lile jiko la makaa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na uamuzi mkubwa, na alimpenda mjukuu wake. Watu wanaomtia mtoto hatarini si lazima wawe maadui zake.

"Ndaya, sikia. Kwetu Kasai hakuna bukari ya mahindi tupu. Ni mahindi na mihogo, banachanganya. Kule atakula nini? Utamutafutia wapi hii bunga yako?"

"Sijue, mama."

"Basi muzoeshe. Iko ile ya Bilkisi kidogo imebakia. Changanya na bunga ya mihogo, kidogo sana, asione. Kesho unaongeza. Kesho kutwa unaongeza. Tukifika kwetu, amezoea. Mi nilizoesha batoto banane vile."

Ndaya alikataa. Akakataa tena jioni. Asubuhi alipomwona mwenye blanketi akimfunika mtoto wake uso Joyeuse alipokuwa anapita, akakubali. Hesabu yake haikuwa ya kijinga: unga mweupe ungekwisha wenyewe, na baada ya hapo? Wanawake wote wa Kasai huchanganya unga wa muhogo bila kufikiri mara mbili, ndivyo bukari inavyopata kuvutika na kushibisha. Alichota muhogo kwenye kikombe cha mama mkwe, kiasi cha kiganja, akauchekecha pamoja na ule mweupe akiwa amempa mtoto mgongo. Akasonga zaidi ya kawaida. Rangi ilikuwa ile ile, na hata yeye aliponusa hakuona tofauti.

Joyeuse alitazama sahani, halafu akamtazama mama yake. "Mama, ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Ya Mama Bilkisi?"

"Kula, mwanangu. Mi nimekupikia."

Akafinya kidonge, akatia mdomoni. Ndaya alijifanya anachochea makaa. Alipogeuka alijua. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna. Hakulia, hakutapika, alikitoa kidonge kwa vidole, akakiweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu, akakaa akimtazama mama yake kwa muda mrefu. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Ni kama mtu aliyefika kwenye nyumba anayoijua akakuta anaishi mwingine.

Kesho yake Ndaya alipika unga mweupe mtupu, wa mwisho kabisa, akaapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake. Joyeuse alisikiliza kiapo chote kwa heshima. Kisha akasukuma sahani.

Kwenye hema la msaada palikuwa na daktari kijana kutoka Lubumbashi, Dokta Omer, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Ndaya alimpeleka mtoto akiwa amembeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja, na hakuhisi uzito. Alijiandaa kugombezwa. Dokta alimpima Joyeuse, akamwuliza maswali yeye mwenyewe badala ya kumwuliza mama, na akangoja majibu.

"Unaogopa kunenepa?"

Joyeuse alishangaa. "Hapana."

"Tumbo inauma?"

"Hapana. Mi niko na njaa. Lakini kikiingia mu kinywa, ninaona kama nitakufa."

Dokta aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa jambo la kawaida. Ndaya akaanza kueleza, na mara akajikuta ameeleza yote, kuanzia taya lililoshikwa mpaka muhogo uliofichwa.

"Mama, sikia," alisema Dokta Omer. "Si kichwa nguvu, na si bulozi. Iko batoto njo vile. Kinywa chao kinaogopa chakula, kama vile mutu anaogopa nyoka. Huwezi kumupiga juu aache kuogopa. Na ukimudanganya, hata ile kidogo alikuwa anaamini inaenda. Mimi nimeona bawili, batatu hivi. Banaponaka."

"Banaponaka namna gani?"

"Polepole. Umupe ile chakula yake, mbele ya macho yake, asonge yeye mwenyewe akitaka. Kingine unaweka pembeni, bila kumwambia kula. Akitazama tu, ni vizuri. Akigusa, ni vizuri. Mwezi, miezi, mwaka. Nyumba iwe na utulivu." Nje ya hema watu walikuwa wakigombania ndoo. Kijana yule alitazama chini, akaanza kufungasha vifaa vyake ambavyo havikuhitaji kufungashwa. "Pole, mama. Ninasikia vile ninasema."

Alimpa maziwa ya unga ya wagonjwa. Joyeuse alilamba kidogo kwenye kidole kwa ajili ya dokta, kwa adabu, na machozi yakamtoka. Hakurudia. Ila maji yenye chumvi na sukari aliweza kunywa, kwa sababu yalikuwa na rangi ya maji, na Ndaya aliyashikilia hayo. Njiani kurudi alikuwa amepata jina la kumpelekea Tshibangu: kuogopa. Alilitamka moyoni mara kadhaa na kila mara aliona jinsi watakavyomcheka. Alimwambia Mukendi peke yake. Mukendi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mi nilimushika taya?" Tangu hapo hakumgusa mtoto ila kumbeba.

Treni ilifika asubuhi, mabehewa ya mizigo yaliyonuka mafuta na ng'ombe. Watu walikanyagana. Magunia yaliachwa, majogoo yaliachwa, kitanda cha chuma kilibaki kimesimama kwenye reli kama kinasubiri mwenyewe. Tshibangu alizuia mlango wa behewa lao kwa mkono, akamtazama Joyeuse mgongoni kwa baba yake, kisha akatangaza kwa sauti wote wasikie:

"Mu hili behewa tunakula beseni moja! Mutu akikataa kuingiza mukono mu beseni, atashuka. Hakuna hasira, hakuna palabre ao ubishi. Tumekubaliana?"

Wakaitikia. Alifikiri amewasaidia, na kwa namna yake alikuwa amewasaidia: aliwapandisha. Waliosema mtoto asipande walipata ahadi badala ya kupigana. Ndaya alipita chini ya mkono ule akiwa ameinamisha uso, kwa kuwa aliielewa ahadi ile kuliko wote.

Treni ilikwenda kwa kusitasita. Mara mbili ilisimama porini bila sababu. Baada ya stesheni ya Tenke ilisimama tena, kwa muda mrefu, na wanawake wakashuka kusonga kando ya reli. Beseni likapandishwa, bukari ya manjano ikifuka mvuke, na maharagwe juu yake. Watu walilizunguka. Mikono ikaingia. Kisha mikono ikapungua kasi, na macho yakaanza kumwendea Joyeuse, moja baada ya jingine, bila mtu kusema kitu.

"Mama," Ndaya alimnong'oneza Kaku, "sema mutoto analala."

"Halale," alisema mwenye blanketi.

Joyeuse alikuwa macho. Alilitazama beseni, akazitazama nyuso, akamtazama mlangoni Tshibangu aliyekuwa amesimama na njia yote ya porini nyuma yake. Alikuwa mtoto mwenye akili. Akajiinua kutoka mapajani mwa baba yake, akanyoosha mkono mwembamba kama fimbo, akamega. Alilifinyanga tonge. Akalitia mdomoni na taya likaanza kwenda.

Behewa zima lilishusha pumzi. Mtu mmoja alipiga kigelegele. Tshibangu alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Njo vile! Njo vile, mutoto wetu!" Mwenye blanketi alijipangusa macho. Mukendi aligeukia ubao wa behewa akalia huku mabega yakitikisika, na Kaku Ernestine akapiga makofi, akimgeukia kila aliye karibu: "Munaona? Ilikuwa ni kichwa nguvu tu. Mi nilisema!"

Ndaya alikuwa amekaa karibu mno. Shingo ya mwanawe ilikuwa imekonda kiasi kwamba mtu angeweza kuona maji yakipita ndani yake, na hakuna kilichopita. Taya lilikwenda na koo likatulia. Jasho lilitoka kwenye paji la uso. Mikono iliporudi kwenye beseni na mazungumzo yakaanza tena, wengine wakianza hata kutaniana, Joyeuse alijilaza kwa mama yake kama mtoto aliyeshiba. Akiwa amewapa watu mgongo, alilitema tonge kiganjani, zima, limelowa, akakunja vidole. Akatafuta mahali pa kulitupa. Mbao za sakafu zilikuwa zimebanana.

Ndipo akainua macho. Tangu siku ya muhogo hakuwa amemtazama mama yake hivi, kama mtu anayehitaji kitu na kuamini atakipata.

"Mama," alinong'ona. "Usibaambie."

Ndaya alijua kwamba akisema, mtoto atashushwa porini, nao watashuka naye. Alijua kwamba asiposema, hatafika. Kasai ilikuwa mbali bado, siku nyingi kwa mwendo ule, na hata ikifika ilikuwa na bukari ya muhogo. Alitamani mtu amwulize, ili asiwe yeye anayeamua. Hakuna aliyemwuliza, walikuwa na furaha. Akafungua pindo la kitenge chake na mtoto akaangusha tonge humo.

"Mwongezee!" aliita Kaku Ernestine kutoka ng'ambo ya beseni. "Usimunyime sasa, amefungua kinywa. Mupe ile kubwa!"

Tonge lilipitishwa mkono kwa mkono mpaka likamfikia. Joyeuse alisema asante, akalitia mdomoni, akaanza kutafuna polepole watu wakimtazama. Ndaya alikaa na pindo la kitenge wazi, akingoja.